Kidari Hupokelewa kwa Mikono Miwili

1.

Kidari: cha mwenye nyumba.
Mgongo: wa mama wa nyumba.
Shingo: ya aliyechinja.
Utumbo: wa wanawake waliouosha.
Mkia: wa mpita njia. Mtu ametukuta tumeshachinja, hatumjui kwao, hatumuulizi. Anapewa mkia, anashukuru, anaendelea na safari yake.

Ndivyo ukoo wetu unavyogawa mbuzi, huku migombani, chini ya mlima. Hakuna anayekwambia wewe ni nani wake. Unapewa nyama, unajua.

Mwenye nyumba akifa, kidari kinabaki kwa mjane. Siku akimpa mtoto wake mbele ya wazee, huyo ndiye mwenye nyumba. Kihamba chake, yaani migomba na kahawa na makaburi yaliyomo. Neno lake. Hakuna muhuri, hakuna mwanasheria.

Kinatolewa kizima. Kinapokelewa kwa mikono.

Miwili.


2.

TANGAZO KWA WATEJA WETU
(limebandikwa mlangoni mwa hoteli, mwanangu Elinami alinisomea)

Mteja asubiri kuonyeshwa meza. Hairuhusiwi kuingia na chakula wala kinywaji kutoka nje. Mteja aseme mapema kama anataka nyama yenye damu, yenye damu kidogo, au isiyo na damu. Nyama iliyokwisha kukatwa hairudishwi jikoni. Uongozi hautahusika na meno ya mteja.

"Hilo la meno umeliongeza wewe."

"Nimeongeza, Mama. Umebakiwa na mangapi?"

"Ya kukutosha."

Tukacheka. Nataka ukumbuke, wewe unayesoma, kwamba tuliingia tunacheka.


3.

Elinami ni mzaliwa wangu wa kwanza. Alikwenda Namibia kwa kazi za madini, akaoa hukohuko, mji wa Windhoek. Mkewe anaitwa Ndapewa. Baba yake alipokufa, Elinami hakuja kuzika. Alituma shada la maua ya plastiki. Mbuzi walilionja, wakaliacha.

Wa pili ni Anaeli. Huyu alikuwa juu ya mringaringa akikata majani ya ng'ombe, tawi likavunjika naye. Tangu hapo mkono wa kulia umelala, na maneno yanamtoka moja moja. Ndiye ninayeishi naye. Anakama kwa mkono mmoja. Ng'ombe amemzoea, anasimama kimya mpaka amalize.

Baada ya msiba nilitaka kumpa Anaeli kidari. Wazee wakakaa. Shemeji yangu Eliamani, mdogo wa marehemu, akasema:

"Shemeji, hiki hakipokelewi kwa mkono mmoja."

Hakusema akiwa pembeni. Anaeli alikuwa palepale. Ndiye aliyekuwa anawamiminia mbege, pombe yetu ya ndizi.

Alimaliza kuimimina. Haikumwagika hata tone.

Nami nikasema moyoni, haya, nitamngoja Elinami. Kungoja nakujua.


4.

Ndani ya gari, huko Windhoek nilikokwenda kumtembelea, Jumapili, tumetoka kanisani, jua la saa za mchana likipiga vile vilima vyao vikavu:

"Mama, leo utanipa cha baba."

"Nini?"

"Kidari. Nimeagiza cha mbuzi, kizima. Baba mdogo na wazee watatuangalia kwenye simu. Tumeshaongea, wamekubali."

"Hotelini, Elinami?"

"Mbele ya wazee ni mbele ya wazee. Simu ina macho, Mama."

Nililia. Usidhani nililia kwa uchungu. Nililia kama mtu anayetuliwa mtungi. Nilikuwa na khanga mpya, nikaikunja, nikajifutia, nikautazama mji kupitia machozi. Barabara safi. Watu wachache. Nikasema mji huu ni mzuri. Nikasema mwanangu amekumbuka.

Amekumbuka.


5.

ANASEMA TANGENI, MHUDUMU WA MEZA YA DIRISHANI

Kidari cha mbuzi hakimo kwenye menyu yetu. Sisi ni watu wa ng'ombe: sarara, mbavu, steki ya mfupa. Lakini bwana huyu alimsumbua meneja kwa simu mpaka kikatafutwa. Mpishi akataka kukikatakata, kama tunavyowakatia wageni. Bwana akaja hadi mlango wa jiko, akasema, "Ukikikata umeniharibia maisha."

Mpishi akacheka. Bwana hakucheka.

Mama yake nilimwekea uma upande huu na kisu upande huu. Akavisogeza kwa kidole, polepole, kama mtu anayesogeza panya aliyekufa.


6.

Maneno ya mezani, yalivyotoka:

"Hii steki yangu bado hai, Elinami. Tazama damu."

"Ndivyo inavyoliwa, Mama."

"Na nani?"

"Na watu."

"Aa."

"Mwambie mkwe wako asante, yeye ndiye aliyekuchagulia. Mgongo. Nilimwambia mama hula mgongo."

"Asante, mwanangu."

"Usishike kwa mkono, Mama, wanatuangalia. Hapana, kisu huku. Huku! Ah. Ndapewa, msaidie."

Ndapewa akanikatia vidogovidogo, kama anamkatia mtoto. Yeye mwenyewe aliagiza mkia wa ng'ombe, ukaja umechemka ndani ya kijungu cha chuma chenye miguu mitatu. Akaninusisha mvuke wake. Ana uso mzuri, msichana yule. Ana huruma.

"Anaeli angeiona hiyo nyama," nikasema, "angecheka."

"Anaeli hucheka hata akiona ukuta," akasema mwanangu.

Akatafuna.


7.

Simu ya Elinami ilikuwa haishiki vizuri, akatoka nje kuwatafuta wazee. Tukabaki wawili, mimi na mkwe. Hatuna lugha moja. Ndapewa akatoa simu yake, akaisemesha kwa Kiingereza, simu ikanijibu kwa Kiswahili. Sauti ya mwanamke ambaye hajawahi kuumwa na jino.

SAUTI YA SIMU YA NDAPEWA

Mama mkwe mpendwa. Mimi nina furaha sana. Leo wewe unampa Elinami kifua cha mbuzi. Ni utamaduni mzuri. Baada ya hapo yeye anaweza kuuza shamba. Mnunuzi ni mtu mwema. Yeye atajenga hoteli kwa watalii kutazama mlima. Makaburi yatahamishwa kwa heshima. Kaka mgonjwa atapelekwa kwenye nyumba ya watu wagonjwa. Kuna bustani. Wewe utaishi nasi daima. Nimepaka rangi chumba chako. Rangi ni bluu. Je, wewe unapenda bluu?

Alikuwa ananitazama, amejaa tabasamu. Alidhani najua. Alidhani ndilo nililojia.

"Napenda," nikaiambia simu.

Simu ikampelekea. Akanishika mkono, akaubusu.

"Muulize. Huyo kaka mgonjwa, yeye amekubali?"

Elinami anasema kaka hafahamu mambo mengi. Elinami anasema kaka hataona tofauti.


8.

Bluu.


9.

ANAELI
(ujumbe wa sauti alioniachia asubuhi ile, nauandika kama unavyomtoka)

Mama.

                 Ng'ombe

        karibu

                              azae.

   Nime

                 Nimemwekea

        majani.

                           We

      rudi.


10.

UTARATIBU WA MAKABIDHIANO
(kama ulivyotangazwa na Elinami, amesimama, amefunga kitufe cha koti, simu imeegemezwa kwenye chupa ya pilipili ili wazee waone vizuri)

Kwanza, wazee watathibitisha kwamba wanamwona mama na kwamba mama yuko katika akili zake timamu.

Pili, mama atashika kidari, kikiwa kizima, bila kukatwa.

Tatu, mama atanikabidhi mimi, mzaliwa wa kwanza, kwa hiari yake, bila kushurutishwa.

Nne, baba mdogo atatamka.

Tano, tutakula.

"Mnaona, wazee?"

Kwenye kile kioo kidogo walikuwa wamebanana kama picha ya kipaimara. Eliamani mbele na kofia yake. Wazee wenzake kando. Nyuma yao migomba yangu. Na nyuma kabisa, mtu anapita na mzigo wa majani begani, amelalia upande mmoja, hatazami kamera.

"Tunaona. Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji."

"Akili ipo?"

"Ipo yote."

"Basi mpe mtoto."


11.

ANASEMA TANGENI

Lugha yao siijui. Naeleza nilichokiona.

Nilikileta kwenye ubao, kizima, kimekaangika ngozi. Bwana alikuwa ameshanawa. Akanyoosha mikono yote miwili mbele ya mama yake, viganja juu, kama watu wanaopokea sakramenti. Mkewe alikuwa anapiga picha.

Mama akakiinua. Kwa mikono miwili. Mafuta yakamchuruzika hadi viwikoni. Akakileta karibu kabisa na mikono ya mwanawe. Bwana akafumba macho.

Mama akakipeleka mdomoni kwake.

Akauma.


12.

Kisha akatafuna. Meno hayakuwa mengi, nasema kweli, kazi ilikuwa kubwa. Alikuwa anavuta, anageuza, anapumzika, anarudia. Kwenye meza ya jirani kulikuwa na siku ya kuzaliwa, na sheria ya hapa ni kwamba wahudumu wote tuende na keki, tupige makofi na sufuria, tuimbe. Nikaenda. Nikaimba. Nikapiga sufuria. Nikigeuka namwona bado anatafuna.

Bwana alikuwa bado amenyoosha mikono.


13.

Kwenye simu, wakati wanaimba:

"Shemeji! Shemeji, unafanya nini?"

"..."

"Kidari hicho! Hicho ni cha mwanamume!"

"..."

"Mwanamke hali kidari! Elinami, mnyang'anye!"

"Mama. Mama, weka chini. Mama, wanatazama watu."

"..."

"Mama, nakuomba."

"Mnyang'anye, we mtoto!"

"Baba mdogo, nitamnyang'anyaje mama yangu nyama mdomoni hapa hotelini?"

"Shemeji, tema."

Sikutema.


14.

(Kifungu hiki nilikiandika nikakifuta. Kilimhusu Ndapewa na alivyolia. Yeye hakuwa na kosa.)


15.

Hapa nakuomba ukae nami kidogo, wewe unayesoma, maana wapo waliosema nilirukwa na akili na wapo waliosema nilikuwa na njaa.

Kidari cha mbuzi kina mfupa laini katikati na mafuta pembeni. Nilikipika miaka yote ya ndoa yangu. Nilikichoma, nikakinyunyizia chumvi, nikakipeleka sebuleni, nikarudi jikoni. Ladha yake sikuijua. Nimeijulia ugenini, kwa watu wanaopigiana sufuria.

Ni kitamu.

Na jambo la pili. Mwanangu hakuwa na haja ya hila. Kile kidari kilikuwa chake. Nilikuwa nakimwekea. Angekuja tu nyumbani, angesimama pale kwenye kaburi la baba yake hata dakika chache, hata amevaa viatu vyake hivyo vya ngozi ya mamba. Angekuja mikono mitupu ningekwenda kwa jirani kumwazimia mbuzi. Ningempa. Angekiuza kihamba kesho yake, na mimi ningekuwa nimempa kwa mkono wangu, na ningelala nje na Anaeli wangu, na nisingekuwa na wa kumlaumu

nisingekuwa


16.

Nilipochoka kutafuna nikaweka chini kilichobaki. Nikapangusa mikono kwenye kile kitambaa chao cheupe. Nikavuta kijungu cha Ndapewa. Nikachagua kipande kikubwa, chenye nyama nzuri, maana sikutaka kumpunja. Nikakiweka katika mikono ya Elinami, ambayo alikuwa hajajua aifanyie nini.

Mkia.

Akautazama. Kule kwenye simu wazee wakasogeza nyuso kwenye kioo.

"Kula, baba," nikamwambia. "Utafika salama. Ukipita tena njia hii, usione haya, piga hodi."

"Mama, mimi ni mwanao."

"Kula kabla haujapoa."


17.

UAMUZI WA MUDA
(ulitamkwa na Eliamani kwa sauti ya baraza, ukikatikakatika kwa sababu ya mtandao)

Kwamba jambo hili halijapata kutokea katika ukoo.

Kwamba kidari kimeshikwa na mjane lakini hakikufika kwa mtoto.

Kwamba wazee watakaa Jumamosi, na mjane atakuwepo.

Kwamba kama kidari kimeliwa chote, basi nyumba haina mtu, na ukoo utamtafuta mwenyewe, na mzaliwa wa kwanza anajulikana ni nani.

Kwamba kama kimebaki, mjane bado ana cha kumpa

"Kimebaki?" akauliza.

Nikainua, nikaonyesha kwenye kamera. Kipande kando ya mfupa. Si kikubwa. Kimekwisha kuliwa pande zote, kimebaki kama kiganja.

Kipande ambacho mtu anaweza kukipokea kwa

Eliamani alikiona. Nilimwona akikiona. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa.

"Shemeji," akasema, taratibu, "wewe ni mtu mbaya."

"Jumamosi, shemeji," nikasema. "Msalimie Anaeli. Mwambie anawe mikono vizuri." Nikajirudi. "Mkono."


18.

ANASEMA TANGENI

Mama akaniita kwa kidole. Akaonyesha kile kipande, akaonyesha kifuani pake. Nikaelewa. Nikamletea kiboksi cha kubebea. Mteja ana haki ya kuondoka na alichoacha, ndivyo ilivyoandikwa.

Bwana alikuwa ameuweka mkia sahani ya pembeni, hakuugusa. Baadaye nikautoa na vyombo. Bili, mkewe ndiye aliyelipa.


19.

Elinami hakunipeleka uwanja wa ndege. Alinipeleka Ndapewa. Njia nzima macho yake yalikuwa mekundu na simu yake ilikuwa imezimwa. Tulipofika akaiwasha, akaisemesha, akasita, akaisemesha tena.

Mama mkwe. Mimi sikujua kwamba wewe hukujua.

"Najua, mwanangu."

Chumba cha bluu bado kipo.

Nikambusu mkono. Nilikuwa nimekishika kiboksi kwa ndani ya khanga, na kilikuwa baridi, maana usiku kucha kililala kwenye friji ya mwanangu, kando ya maziwa yake, na yeye hakukigusa. Nimelifikiria sana hilo. Alijua kipo. Alifungua friji, nilimsikia, akasimama. Akafunga.

Sijui alikuwa anataka maji au


20.

TANGAZO KWA ABIRIA WOTE WANAOINGIA
(limebandikwa kwetu, tunaposhukia)

Ni marufuku kuingiza nchini nyama, maziwa, mifupa, ngozi au sehemu yoyote ya mnyama bila kibali. Kitakachopatikana kitachukuliwa na kuteketezwa. Abiria asibishane na afisa. Ahsante kwa kutembelea.


21.

Afisa alikuwa kijana wa kwetu, ukimsikia anavyoongea unajua. Alivaa glavu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Umetoka mbali. Kwenye khanga kuna nini?"

"Chakula."

"Chakula gani?"

"Nilichoacha hotelini."

"Fungua, bibi."

Nikafungua. Akainama. Akanusa. Akanyooka polepole, na ile sauti ya kazini ikamtoka, akaongea kama anavyoongea kwao.

"Bibi. Hiki si kidari?"

"Ni kidari."

"Kidari cha nani?"

"Kimepitia kwangu."

"Kwako?" Akanitazama mdomo. "Kinakwenda kwa nani?"

Nikaonyesha kwa kidevu. Kwenye kioo, kule nje wanakosimama wanaopokea wageni, Anaeli alikuwa ameletwa na jirani. Amechana nywele. Shati lina majani ya ng'ombe begani. Alikuwa anawatazama watu wanaotoka mmoja mmoja, na kila asiyekuwa mimi anamwinamia kidogo, kama anamwomba radhi.

Afisa akamtazama. Akatazama ule mkono uliolala.

"Yule?" akasema.

"Yule."

"Yule atakipokeaje, bibi?"

Nikakisogeza kiboksi kifuani. Nyuma yangu foleni ilikuwa inakohoa. Pembeni yake kulikuwa na pipa kubwa, mdomo wazi, limeandikwa kwa wino mwekundu. Na nyuma ya pipa mkubwa wake alikuwa ameinua macho kutoka kwenye meza yake, anatuangalia, anataka kujua tunachelewa nini.

"Nina mama kama wewe," kijana akasema kwa sauti ya chini.

"Basi unajua."

"Najua. Ndiyo maana sipendi." Kisha, kwa sauti ya juu, ili asikike kule mezani: "Sheria ni sheria, bibi. Nipe."

Akanyoosha mikono.

Miwili.

Na kule nyuma ya kioo Anaeli alikuwa ameniona, ameinua wake mmoja.